Saa ya Kiunoni

Mtazame mtu mwenye maumivu ya kiuno anapoinuka kwenye kigoda. Kabla makalio hayajaachana na kiti, pumzi imekwisha kubanwa, taya zimekazwa, mkono mmoja umeshika goti na mwingine umeshika mgongo. Akishasimama hutembea hatua tatu nne akiwa mkavu kama gogo, mbavu na nyonga vikienda pamoja kana kwamba vimeunganishwa kwa misumari. Muulize kwa nini alibana pumzi. Atakushangaa, kwa sababu hakujua kama aliibana.

Kazi yangu ya fiziotherapia huanzia hapo. Nilifundishwa kuimarisha misuli, na hadi leo naamini misuli dhaifu huuponza mgongo. Lakini mtu asiyejua kwamba amejikaza, ukimpa zoezi la nguvu atalifanya akiwa amejikaza vilevile, na nguvu mpya itajengwa juu ya kosa la zamani. Ndiyo maana nimekuja kuipenda njia moja ambayo humtaka mtu ajisikie kwanza, mazoezi ya nguvu yafuate baadaye. Inaitwa njia ya Feldenkrais.

Moshé Feldenkrais alizaliwa mwaka 1904 katika mji wa Slavuta, ambao leo uko Ukraine, akahamia Palestina angali kijana. Hakuwa daktari. Alisomea uhandisi Paris, akafanya kazi maabarani na mwanafizikia Frédéric Joliot-Curie, na mwaka 1933 akakutana hukohuko na Jigoro Kano, Mjapani aliyeanzisha judo. Mchezo huo ulimwingia damuni, akawa miongoni mwa watu wa mwanzo Ulaya kuvaa mkanda mweusi. Goti lake la kushoto, hata hivyo, lilikuwa limeumia kwenye mpira wa miguu mwaka 1929. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alikuwa Uingereza akisaidia jeshi la majini kutafuta mbinu za kugundua nyambizi, na sitaha zenye utelezi zikalitonesha upya. Madaktari hawakuweza kumhakikishia kwamba upasuaji ungefaulu. Akaukataa.

Kuna kisa alichokuwa akikisimulia mwenyewe. Siku moja, goti bovu likiwa katika hali mbaya, aliteleza akaumia mguu wa pili, ule mzima. Akajikokota hadi nyumbani na kulala akiamini kwamba asubuhi hataweza kusimama kabisa. Alipoamka akakuta anasimamia mguu wenye goti bovu, mguu ambao kwa muda mrefu ulikuwa haumbebi. Goti lenyewe lilikuwa lilelile. Usiku mmoja hauponyi gegedu wala kano. Feldenkrais akahitimisha kuwa kilichobadilika ni amri zitokazo kwenye ubongo. Mguu mzima ulipokosa kutegemewa, misuli iliyokuwa imelifunga goti ili kulilinda ililegezwa. Kwa hiyo sehemu ya ulemavu wake haikuwa gotini hata kidogo, na akaanza kutafuta namna ya kuzibadili amri hizo kwa makusudi, bila kusubiri ajali nyingine.

Njia aliyoiona inasimama juu ya kanuni ya Ernst Heinrich Weber, mwanafiziolojia wa Kijerumani wa karne ya 19. Mtu aliyejitwika debe la mahindi, ukimwongezea konzi moja hatajua. Mwekee konzi hiyohiyo kwenye kiganja kitupu, naye atajua papo hapo hata akiwa amefumba macho. Mzigo ukiwa mkubwa, tofauti ndogo humezwa. Misuli nayo iko vivyo hivyo: iliyokazwa muda wote ni debe limejaa, na ubongo hauwezi kusikia ndani yake ni pingili ipi ya mgongo imeganda au ni upande upi unabeba kazi ya mwenzake. Punguza jitihada, punguza mwendo, na habari zilizokuwa zimemezwa zinaanza kusikika. Hiyo ndiyo sababu ya ule mwendo wa taratibu unaowachosha wageni wa njia hii, ambao hudhani hawafanyi lolote.

Mwenye maumivu ya muda mrefu anazihitaji habari hizo kuliko mtu mwingine yeyote. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 watu milioni 619 walikuwa na maumivu ya kiuno, na kwa wengi wao hakuna mfupa uliovunjika wala ugonjwa unaoweza kuonyeshwa kwenye picha. Jeraha la kwanza huenda lilipona zamani. Mfumo wa neva ndio haujapoa: umekuwa kama mlinzi aliyewahi kuibiwa, ambaye sasa hata paka akiruka ukuta anapiga filimbi. Maumivu yale ni ya kweli, na mtu asiambiwe kamwe kwamba anayawaza tu. Lakini mlinzi huyo hatulizwi kwa kusukumwa. Hutulizwa kwa kuonyeshwa mara nyingi, pasipo haraka, kwamba kiuno kimesogea na hakuna kilichoharibika.

Je, ushahidi upo? Upo, ingawa ni mchanga. Mwaka 2015 Susan Hillier na Anthea Worley wa Australia walikusanya majaribio 20 ya kitaalamu kuhusu njia hii. Dalili nzuri zilionekana, hasa kwenye mizani ya mwili ya wazee, lakini mengi ya majaribio hayo yalikuwa na kasoro. Mazoezi ya miguu na mizani kwa ujumla yana msingi mpana zaidi. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2019, yenye majaribio 108 na watu zaidi ya 23,000, yalionyesha kuwa mazoezi hupunguza kuanguka kwa wazee kwa takriban asilimia 23. Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: mzee anayeanguka asiishie kwenye masomo ya njia hii, yale ya kulala mkekani. Anahitaji pia kuinuka kitini mara kumi bila kushika, kupanda ngazi, kubeba uzito kiasi. Mkeka unamwandaa ayafanye hayo bila kubana pumzi.

Na wapo wasiopaswa kuanza kabla ya kumwona daktari: mwenye ganzi kati ya mapaja, aliyeanza kushindwa kuzuia mkojo au choo, mwenye maumivu yanayoambatana na homa au kukonda bila sababu, aliyetoka kuanguka, na yule ambaye mguu wake unazidi kupoteza nguvu. Wawili wa kwanza wasisubiri hata kesho.

Waliobaki, tandikeni mkeka. Godoro halifai, linameza habari zote. Lala chali, kunja magoti, nyayo zikae sakafuni kwa upana wa nyonga. Kama shingo haitulii, kunja khanga uiweke chini ya kichwa. Kaa hivyo kwa dakika moja ukisikiliza tu: mgongo unagusa mkeka wapi, na wapi umeuruka?

Sasa fikiria saa ya ukutani imechorwa nyuma ya nyonga zako, pale unapopalalia. Namba 12 iko juu, usawa wa mkanda, na namba 6 iko kwenye kifandugu. Somo hili limo katika kitabu cha Feldenkrais cha mwaka 1972, na kwa Kiswahili lina mtego wake, maana palipoandikwa 12 sisi tunasoma saa sita, na palipoandikwa 6 tunasoma saa kumi na mbili. Ukisema tu "nenda saa sita", nusu ya darasa itapanda na nusu itashuka. Mimi nimeamua kufuata jua. Saa sita jua liko utosini, kwa hiyo ni upande wa kichwa. Saa kumi na mbili jua linazama, kwa hiyo ni upande wa kifandugu. Tangu hapo hapana anayepotea.

Bingirisha nyonga kuelekea saa sita. Uzito unapanda, kiuno kinaulalia mkeka. Rudi, kisha uende saa kumi na mbili: uzito unashukia kifandugu, na chini ya kiuno panapatikana upenyo. Usisukume kwa miguu, usikaze tumbo. Ukienda na kurudi mara kumi, kila mara iwe kwa nguvu ndogo kuliko iliyotangulia, utaona kidevu nacho kinatikisika. Hakuna aliyekiamuru, ni uti wa mgongo unaofikisha habari kutoka nyonga hadi fuvu. Kisipotikisika, kuna mahali njiani pamezuiwa, na mara nyingi ni mbavu au pumzi.

Pumzika. Kisha jaribu saa tatu na saa tisa, pande mbili za nyonga, magoti yakiyumba kidogo tu. Mwisho zunguka uso mzima wa saa, na hapa uwe na subira sana, kwa sababu karibu kila mtu hukuta mahali ambapo saa yake inaruka. Unatoka saa nne unajikuta saa sita, na saa tano hukuiona. Usiilazimishe. Pita kati ya saa nne na saa sita, mwendo mdogo kama wa ukucha, hadi ile ya katikati ijitokeze. Ikiuma, punguza zaidi. Ikiendelea kuuma, iwaze tu bila kusogea. Feldenkrais aliwafundisha watu hivyo hasa, upande mmoja kwa mwendo na wa pili kwa mawazo. Dakika 20 zinatosha.

Usiinuke kwa kukaa ghafla. Geukia ubavu, weka kiganja chini, mkono ukuinue. Simama karibu na ukuta, vidole viwili vikiugusa.

Mwili husimama kwa habari kutoka sehemu tatu: macho, mifereji ya sikio la ndani, na taarifa za nyayo, misuli na maungio. Umri hupunguza nuru ya macho na hupunguza kazi ya sikio, hivyo taarifa za miguu zinakuwa na thamani zaidi. Mtu aliyejikwaa huokolewa na vifundo vya miguu na nyonga zinazojirekebisha haraka kuliko anavyoweza kuwaza. Nyonga iliyofungwa kwa miaka mitatu kwa hofu ya maumivu haiwezi kumwokoa.

Kwa hiyo ile saa ihamishie chini ya nyayo. Vidole vya miguu viwe saa sita, visigino saa kumi na mbili. Usinyanyue unyayo, hamisha uzito tu, polepole, uzunguke saa zote ukiwa unapumua. Na itafute saa inayoruka, uone kama ni ileile iliyoruka ulipokuwa mkekani.