Kozi Gani Ukasome? Anza na Shida za Kata Yako

Matokeo ya kidato cha nne na cha sita yakitoka, swali ni lile lile: "Afisa, kozi gani ina ajira?" Wengine wanaouliza tayari wana ekari zao za nyanya au mpunga, na wanafikiria kuuza pampu ya maji wapate ada.

Tuseme ukweli. Nafasi za serikali hutangazwa kwa vipindi, na waombaji huwa wengi kuliko nafasi. Hakuna wa kukuhakikishia kwamba ukimaliza chuo, kada yako itatangazwa. Kwa hiyo jiulize hivi: nisipoajiriwa, ujuzi huu nani atanilipa?

Ili upate jibu, fuata zao la kwenu kuanzia mbegu mpaka sokoni. Andika kila sehemu ambayo wakulima wanakwama, au wanamlipa mtu wa kutoka mbali. Mifano:

1. Mifugo. Kama ng'ombe wa maziwa ni wengi na mtaalamu anatoka wilayani, angalia stashahada ya afya ya mifugo, mfano kwenye kampasi za LITA. Ukimaliza, hakikisha unaandikishwa na Baraza la Veterinari kabla hujaanza kutibu.

2. Pembejeo. Duka la viuatilifu si la kufungua tu. Linataka mtu mwenye mafunzo, na linasajiliwa TPHPA. Mbegu ni TOSCI. Hapo cheti chako kina kazi, hata bila mwajiri.

3. Miche. Kwenye maeneo ya parachichi kama Njombe na Rungwe, anayejua kubebesha miche vizuri ana wateja. Ujuzi huu unapatikana kwa mafunzo mafupi kwenye kitalu, si lazima miaka 3 chuoni.

4. Mashine. Pawatila na pampu zikiharibika katikati ya msimu, mkulima hasubiri. Kozi ya ufundi VETA inaweza kukulipa mapema kuliko stashahada.

Kabla hujalipa ada, kagua mambo matatu. Kwanza, chuo na kozi vitambulike na NACTVET. Pili, ulizia mafunzo kwa vitendo: wanafunzi wanalima wenyewe, au wanaangalia tu? Tatu, jua ngazi zake. Stashahada hupandwa kwa hatua: NTA 4, 5, kisha 6. Ukiishia NTA 5 una astashahada, unaweza kufanya kazi kwanza halafu ukarudi.

Sasa turudi kwenye pampu. Usiiuze, na shamba usiuze. Ukimaliza chuo bila ajira, hivyo ndivyo vitakupokea. Bora ukodishe shamba kwa msimu, au umwachie ndugu mkubaliane kugawana mavuno, mkaandikishiane mbele ya mwenyekiti wa kijiji. Kama ada bado haitoshi, anza na kozi fupi kipindi ambacho shamba limepumzika.

Na kama kinachokukwamisha ni soko au mtaji, chuo hakitakupa. Hapo jiungeni kikundi au AMCOS, muuze kwa pamoja.

Wiki hii chukua daftari, zungukia wakulima kumi wa kata yako, uwaulize: "Msimu uliopita ulimlipa nani, kwa kazi gani?" Kazi itakayotajwa mara nyingi, tafuta kozi yake.