Ukinunua katuni ya Idi, mjue kwanza utakayempa

Idi moja nilimpa mpwa wangu wa miaka saba filamu ya Kijapani, Grave of the Fireflies. Nilipoona ni katuni, nikadhani ni ya watoto. Kumbe ni kisa cha kijana na dadake mdogo wanaoteseka kwa njaa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Mtoto alilia mpaka jioni, hata biriani hakuigusa. Dadangu alinikemea, na ilikuwa haki yangu.

Ndugu msomaji, katuni ni namna ya kusimulia. Haituambii mtazamaji awe na umri gani. Siku hizi, kabla ya kutoa pesa, najiuliza: huyu anapenda nini?

Anayejifunza herufi na kuhesabu, mpe Akili and Me ya Tanzania, ambayo ipo kwa Kiswahili. Mkubwa kidogo anayependa hesabu na sayansi, Ubongo Kids itamfaa. Mpenda hadithi za wanyama ana Tinga Tinga Tales, iliyotengenezwa Nairobi. Anayependa mashujaa atafurahia Supa Team 4 ya mwaka 2023, yenye wasichana wanne wa Lusaka. Kijana anayependa historia ya Uislamu, yupo Bilal, filamu iliyotengenezwa Dubai mwaka 2015. Lakini ina utumwa na vita, basi wadogo wasubiri.

Nayo ile ya Kijapani ni filamu nzuri sana. Wape watu wazima.

Muhimu zaidi, itazame mwenyewe kabla ya kuifunga kwa karatasi ya zawadi. Mimi sikufanya hivyo.