Mtoto Alale Wapi Katika Chumba Kimoja?



Mwezi huu tunaandika juu ya usingizi wa watoto wadogo. Mazungumzo yalianza na simu. Dada zetu waliohamia Marekani wanatuambia kwamba huko ukijifungua, nesi anakuuliza mtoto atalala wapi. Ukijibu "kitandani pamoja na mimi," hafurahi. Anataka mtoto awe na kitanda chake. Sisi huku tunacheka, halafu tunanyamaza. Kwani kuanzia Katwe mpaka Kansanga, wengi wetu tunaishi katika mzigo wa chumba kimoja: kitanda kimoja, pazia, masufuria, majerikani ya maji, na watoto wanne. Hicho kitanda kingine kitawekwa wapi?

Tulikaa na kina mama na kina baba tukalizungumza. Tukaona kwamba mambo mengi yanayomlinda mtoto usiku hayahitaji pesa wala nafasi kubwa. Yanahitaji tubadilishe mazoea machache, na tuyabadilishe sote nyumbani, pamoja na koko anayebaki na mtoto mama akienda kazini.

Alale chali

Mtoto wa chini ya mwaka mmoja alazwe chali, yaani kwa mgongo, usiku na mchana. Zamani hata madaktari wa Ulaya walisema alale kwa tumbo. Baadaye ikaonekana kuwa watoto wanaolala kwa tumbo hufa ghafla usingizini zaidi ya wengine. Uingereza ilianza kampeni ya kulaza watoto chali mwaka 1991, Marekani mwaka 1994, na huko Marekani vifo hivyo vilipungua karibu nusu katika miaka iliyofuata. Hatari ni kubwa zaidi kati ya mwezi wa pili na wa nne.

Koko wengi wanauliza: akitapika akiwa chali, si atapaliwa? Hapana. Mtoto akilala chali, njia ya hewa inakuwa juu na njia ya chakula inakuwa chini. Matapishi hayapandi kirahisi kuingia kwenye njia ya hewa. Akilala kwa tumbo ndipo njia ya hewa inakuwa chini, na mambo yanageuka. Kulala kwa tumbo ni kwa mchana tu, akiwa macho na mtu akimwangalia, ili shingo ipate nguvu.

Godoro liwe gumu kiasi na tambarare. Mto, blanketi zito na rundo la nguo visiwe karibu na uso wake. Kofia ya sufi ni ya kutokea nje, akilala ndani ivuliwe, maana mtoto akizidi joto naye yuko hatarini. Gusa kifua chake: kikiwa na jasho, punguza nguo. Na ukimbeba mgongoni, kikwembe kisimfunike pua.

Kitanda kimoja na mama

Ushauri wa madaktari ni kwamba mtoto alale chumba kimoja na wazazi, ila kwenye sehemu yake mwenyewe. Chumba kimoja tunacho tayari! Sehemu yake ndiyo shida.

Lakini si sisi peke yetu wenye shida hiyo. Huko New Zealand, Wamaori nao wana desturi ya kulala na watoto wao. Miaka ya 2000 walianza kusuka kikapu kinachoitwa wahakura, chenye godoro jembamba, kinachowekwa juu ya kitanda cha wazazi. Mtoto yuko karibu na mama, ila hakuna anayemlalia. Tetemeko la ardhi lilipobomoa mji wa Christchurch mwaka 2011, familia zilizobanana kwa ndugu na jamaa ziligawiwa visanduku vya plastiki vya namna hiyo hiyo. Finland nayo ilianza mwaka 1938 kuwapa mama maskini boksi la karatasi ngumu lenye vifaa vya mtoto, na watoto wengi walilala ndani ya boksi lenyewe.

Kwa hiyo hata boksi imara na safi, lenye kitako tambarare na kitambaa kilichokazwa vizuri, likiwekwa sakafuni kando ya kitanda chini ya neti, linafaa kuliko mtoto kubanwa kati ya watu watatu. Lisifunikwe juu.

Na kama hakuna njia nyingine, alale upande wa mama, mbali na ukuta na mbali na wenzake wakubwa. Mtoto asilale na mtu aliyekunywa pombe, anayevuta sigara, au aliyemeza dawa za usingizi. Usisinzie naye kwenye kochi, hapo ni hatari kupita kitandani. Na mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati au na uzito mdogo, huyo hasa tafuta kila namna apate sehemu yake.

Sigiri ikae nje

Hapa tunaomba msome mara mbili. Mvua za Machi mpaka Mei, na za Septemba mpaka Novemba, zinatufanya tuingize sigiri ndani, ile wenzetu wa Kongo tunaita mbabula. Tunaogopa baridi, tunaogopa na wezi. Tunasema, "Makala hayatoi moshi tena, hakuna neno."

Neno lipo. Makala yanayowaka bila moshi yanatoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Inakaa kwenye damu mahali pa oksijeni, na mtu analala moja kwa moja. Mtoto mdogo anazidiwa haraka. Makala yaliyofunikwa na majivu bado yanaitoa.

Maji ya uji na ya kuoga mtoto yachemshwe mapema, sigiri ibaki nje. Ukiogopa itaibwa, zima makala kwa maji mpaka yapoe kabisa, ndipo uiingize. Mkiamka na kichwa kinauma, kizunguzungu na kichefuchefu, na mtoto amelegea, mtoeni nje kwanza, kisha mkimbilie hospitali. Kisugu na Kiruddu ni vya serikali, na mkimbizi anatibiwa humo kama mwenyeji.

Neti na kitanda cha seremala

Neti ichomekwe chini ya godoro pande zote, isimwangukie mtoto usoni. Mshumaa na tadooba visikae karibu nayo, inashika moto upesi.

Mwenye uwezo wa kutengenezesha kitanda kwa maseremala wa Nsambya, achukue kopo la soda aende nalo. Kopo likipita kati ya fito, nafasi ni kubwa mno. Isizidi sentimita 6, mwili wa mtoto usije ukapita kichwa kikabaki. Godoro lijae kitanda, vidole viwili visiingie pembeni. Cha mtumba chenye upande wa kushusha, kiache: Marekani ilipiga marufuku kuviuza mwaka 2011 baada ya watoto kunaswa na kufa.

Akishaanza kutembea

Mtoto akishajua kupanda, godoro sakafuni ni salama kuliko deka. Deka ya juu si ya mtoto wa chini ya miaka 6. Ndoo na beseni za maji zimwagwe au zifunikwe kabla ya kulala, maana huyu anaamka kabla yenu. Nyaya za simu na kamba za pazia zisimfikie.

Neno la mwisho

Inatokea mtoto anafariki usingizini ingawa wazazi wamefanya yote haya. Siku hiyo majirani wanaanza kunong'ona: amerogwa, au mama kamlalia. Tafadhali, tusiongeze mzigo juu ya msiba. Mama huyo anahitaji mtu wa kukaa naye.

Wewe uliyesoma, leo jioni angalia vitu viwili tu: mtoto amelala chali? Sigiri iko nje? Kisha mgongee jirani asiyejua kusoma, umweleze.

Tukutane mwezi ujao. Lala salama, na wanao.