Mtoto wa Mama Mkisi: Ndoa, Lugha na Udongo wa Ikombe (Sehemu ya Pili)

Matema, kwenye ufuo wa Ziwa Nyasa, jua huchelewa. Milima ya Livingstone imelikinga upande wa mashariki, kwa hiyo asubuhi ya Jumamosi mitumbwi ya kutoka Ikombe hufika ufuoni Lyulilo wakati mchanga bado una kivuli. Imejaa vyungu: vya kupikia, mitungi ya maji, vingine vipana vya kina kifupi, vyekundu kama udongo wa Tukuyu na kupambwa kwa mistari myeupe. Wanaovishusha ni wanawake, na ndio waliovifinyanga.

Anayesogea karibu husikia lugha tatu. Wafinyanzi wanasemezana kwa Kikisi. Mnunuzi wa Ipinda anasalimu "mugonile" na kuitikiwa kwa Kinyakyusa kilekile. Mwenye gari aliyeshuka kutoka Mbeya anauliza bei kwa Kiswahili, na anajibiwa kwa Kiswahili. Mama wa Ikombe anazimudu zote tatu. Jirani yake Mnyakyusa kwa kawaida anazo mbili zinazomtosha, kwa sababu hakuna siku hata moja sokoni ambapo kutojua Kikisi kutamkosesha chungu. Hesabu hiyo ya tatu kwa mbili ndiyo kiini cha sehemu hii.

Katika sehemu ya kwanza tuliwafuata Wanyakyusa waliokwenda migodini, Ukanda wa Shaba na Johannesburg, tukaona jinsi watu walio mbali na kwao wanavyoshikilia jina lao. Safari hii tunawageukia watu ambao hawakwenda popote. Wao wako palepale, ila wamezungukwa.

Wakisi (wasichanganywe na Wakisii wa Kenya) ni wachache. Wanaishi kwenye ukanda mwembamba kati ya maji na mlima, kuanzia Ikombe, wilayani Kyela, kuelekea kusini hadi pwani ya Ludewa. Ardhi ya kulima ni haba na imeinama. Inawapa muhogo, ziwa linawapa usipa na mbasa, na udongo unawapa kitu cha kubadilishana na wenye mpunga, ndizi na ng'ombe. Godfrey na Monica Wilson, waliofanya utafiti Unyakyusa kati ya 1934 na 1938, walikuta mgawanyo wa kazi ambao wazee wa Kyela wanaujua bila kusoma kitabu: jembe na mkuki vilitoka kwa wahunzi wa Kikinga mlimani, chungu kilitoka kwa Wakisi, na chakula kilitoka bondeni kwa Wanyakyusa. Kila mmoja alimhitaji mwenzake. Palipo na biashara ya namna hiyo kwa vizazi, ndoa haiwezi kukosekana.

Ndoa hizo huzaa swali ambalo ni la zamani kuliko vyungu vyenyewe: mtoto huyu ni wa nani?

Msomaji anayekwenda kanisani atakumbuka kitabu cha Nehemia, sura ya 13. Wayahudi wamerudi kutoka uhamishoni Babeli. Nehemia anakuta wanaume waliooa wanawake wa Ashdodi, Amoni na Moabu, na jambo linalomchoma ni watoto: nusu yao wanasema Kiashdodi wala hawajui kusema Kiyahudi. Anakasirika mpaka anawapiga baadhi ya wanaume na kuwang'oa nywele. Ezra, katika kitabu jirani, anakwenda mbali zaidi na kutaka wake wa kigeni waachwe pamoja na watoto wao. Hata hivyo Biblia hiyohiyo ina kitabu cha Ruthu, mwanamke wa Moabu aliyemfuata mama mkwe wake mpaka Bethlehemu, akaolewa na Boazi, na kutokana na uzao wake akaja Daudi, kitukuu chake. Vitabu vimekaa pamoja, wala hakuna kilichomfukuza mwenzake. Mwandishi wa makala haya anaona hekima katika hilo. Nehemia aliiona hatari sawasawa, lakini ni Ruthu anayeonyesha kwamba mgeni ndani ya nyumba aweza kuwa ndiye mlinzi wa nyumba.

Baadaye marabi waliweka kanuni. Mishna, iliyokusanywa mnamo mwaka 200 baada ya Kristo, inataka katika ndoa ya Myahudi na asiye Myahudi mtoto afuate upande wa mama. Kwa karne nyingi kanuni hiyo ilibeba watu waliotawanyika kutoka Yemen hadi Poland. Katika zama zetu imeyumba. Utafiti wa kituo cha Pew wa mwaka 2020 nchini Marekani ulikuta kwamba miongoni mwa Wayahudi waliofunga ndoa kuanzia 2010, asilimia 61 walikuwa na mwenzi asiye Myahudi. Mwaka 1983 marabi wa Marekani wa tawi la Reform walikuwa wamekwisha kukubali kwamba baba naye aweza kumpa mtoto Uyahudi, kwa sharti moja: mtoto alelewe humo na aonyeshe kwa matendo. Waothodoksi wamekataa, na mabishano hayajaisha. Kwa anayeyatazama kutoka Matema, sharti la malezi ndilo la kuzingatiwa zaidi. Damu peke yake, ya baba au ya mama, haikuhesabiwa kuwa inatosha.

Turudi ziwani. Katika pembe hii ya kaskazini ukoo hufuata baba, na kwa Wanyakyusa jambo hilo limefungwa kwa ng'ombe. Mahari yakishapelekwa, watoto ni wa upande ulioyatoa. Wanazikwa huko, wanarithi huko, wanaitwa kwa jina la huko. Binti wa Kikisi akiolewa Ngonga au Kajunjumele, watoto wake ni Wanyakyusa bila mjadala. Hakuna anayemlaumu mtu hapo, maana ndiyo desturi, na kwa wenyewe ni ya haki. Lakini tazama matokeo yake kwa kabila dogo. Kila binti anayeolewa nje anaondoka na lugha inayoishia kwake. Atamwimbia mtoto mgongoni kwa Kikisi, labda, hata mtoto atakapoanza kucheza na wenzake. Baada ya hapo mtoto atabaki na mama mmoja wa kusema naye Kikisi na kijiji kizima cha kusema nacho Kinyakyusa.

Na akibaki kwao na mume akatoka bondeni? Hapo mlezi wa tatu huingia: Kiswahili. Tangu 1967 kimekuwa lugha ya kufundishia shule za msingi, na katika nyumba yenye lugha mbili za wazazi ndicho kinachokaa katikati bila kumkosea yeyote. Ni lugha tunayoipenda, ndiyo tunayoandikia. Ukweli ni kwamba inameza kwa upole.

Zipo pia sababu za karatasi na za boma. Mwaka 1893 Wajerumani, chini ya Hermann von Wissmann, walijenga kituo chao cha Langenburg kwenye ufuo huu wa milima, karibu na Ikombe. Baadaye serikali ikahamia Tukuyu, katikati ya Wanyakyusa, na jina likaenda nayo: Neu-Langenburg. Wamishenari nao walihitaji lugha kubwa za kuhubiria. C. Schumann alichapisha sarufi ya Kinyakyusa, ambacho wao walikiita Kikonde, mwaka 1899. R. Wolff akatoa ya Kikinga mwaka 1905. Kikisi hakikuwa na bahati hiyo, wala hakikupata Biblia wakati majirani walipoipata.

Wataalamu wa lugha, wakiongozwa na Malcolm Guthrie, wamekiweka Kikisi kundi moja na Kikinga, Kipangwa, Kibena na Kihehe, mbali na Kinyakyusa chenye kundi lake. Maana yake Mkisi wa Ikombe anaongea na jirani wa bondeni kwa lugha isiyo ya ukoo wake, huku ndugu wa lugha yake wako juu ya mlima ambao huwezi kuupanda kwa saa moja. Idadi nayo ni ya kukisia, kwa sababu sensa ya 1967 ndiyo iliyokuwa ya mwisho Tanzania kuuliza kabila la mtu. Uamuzi huo umelisaidia taifa sana. Umewaacha pia watu wachache bila kipimo cha kujua wanapungua kwa kasi gani.

Hata hivyo Mkisi hajapotea, na anayetaka kujua kwa nini aende Ikombe akaangalie mikono.

Chungu cha Kikisi hakigeuzwi kwenye gurudumu. Mama hukaa chini, akaukanda udongo, akauinua ukuta wa chungu kwa viganja huku akikizunguka au akikizungusha chenyewe, kisha akausawazisha kwa vipande vya kibuyu na vya gunzi mpaka unakuwa mwembamba na wenye unene uleule pande zote. Hukauka, hupakwa udongo mwekundu, husuguliwa ung'ae, hupambwa, na kuchomwa uwanjani kwa kuni na nyasi. Ujuzi huu hauandikwi. Binti huupata kwa kukaa kando ya mama, bibi au shangazi, akianza na vidogo vinavyopasuka, akiambiwa na kurudiwa. Na maneno anayoambiwa, ya udongo uliokosa maji na ya ukingo uliopinda, ni maneno ya Kikisi.

Basi hapa mambo mawili yanakwenda kinyume. Ukoo unafuata baba, ufinyanzi unafuata mama. Desturi inamhesabu mtoto kwa ng'ombe, na mikono inamhesabu kwa udongo. Kwa Wayahudi waliotawanyika kilichofanya kazi hiyo kilikuwa Sabato, vyakula vilivyoruhusiwa, na kitabu kilichosomwa kila juma. Yiddish, lugha yao iliyosemwa na mamilioni Ulaya Mashariki, iliwapotea wajukuu wengi waliozaliwa Marekani katika vizazi viwili tu. Mshumaa wa Sabato wa Ijumaa jioni haukupotea kwa kasi hiyo, kwa sababu ulikuwa kazi ya nyumbani, na kazi ya nyumbani hufundishwa kwa kutendwa.

Afrika Mashariki tunao mfano wa karibu zaidi. Karibu na Mbale, Uganda, mwaka 1919, Semei Kakungulu, aliyekuwa jemadari na mtawala, alijitangaza Myahudi pamoja na wafuasi wake. Hawakuwa na damu ya Kiyahudi; walikuwa na Agano la Kale. Ndio Abayudaya. Idi Amin alipopiga marufuku ibada yao katika miaka ya 1970, kati ya takriban watu 3,000 walibaki kama 300. Hao waliobaki ndio walioishika Sabato kwa siri majumbani, na mwaka 2008 mmoja wao, Gershom Sizomu, alisimikwa kuwa rabi baada ya masomo Los Angeles. Hakuna ukoo uliowabeba. Waliobebwa ni wale ambao nyumbani kwao kulikuwa na jambo la kufanya kila juma.

Kwa hiyo ndoa za mchanganyiko peke yake haziimalizi Ikombe. Kinachotisha ni sufuria ya alumini na ndoo ya plastiki. Siku chungu kitakapobaki pambo la sebule za Dar es Salaam, binti atakuwa na sababu ndogo ya kukaa kando ya bibi, na maneno ya udongo yatakosa mahali pa kusemewa. Makanisa ya Matema, walimu wa shule za ufuoni na vijana wenye simu za kurekodi sauti wana kazi ya kufanya sasa, wakati mabibi wanaojua jina la kila hatua ya chungu bado wapo: kuyaandika maneno hayo, na kuwauliza pia wake waliotoka bondeni wakaolewa kwa Wakisi ni kitu gani walifundishwa na mama wakwe zao. Pengine Ruthu wetu yuko miongoni mwao.

Jumamosi mchana mwera huanza kuvuma kutoka kusini, na mitumbwi ya Ikombe huwahi kuondoka Lyulilo kabla mawimbi hayajakua, ikiwa na mchele, ndizi na mahindi mahali palipokuwa na vyungu. Sehemu ya tatu itavuka Mto Songwe kwenda Karonga, kwa Wangonde, ndugu wa Wanyakyusa waliotenganishwa nao na mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa mwaka 1890.