Uzi Kwanza, Cherehani Baadaye

Kwenye maduka ya vifaa vya ushonaji ya Kariakoo, Dar es Salaam, ukuta mzima unaweza kuwa wa uzi: koni za kila rangi, zimepangwa kutoka usawa wa magoti hadi darini. Mgeni wa kazi hii huingia na kipande cha kitambaa mkononi, akalinganisha rangi, akauliza bei, akalipa na kuondoka. Wiki hiyohiyo uzi unaanza kukatika. Cherehani inalaumiwa, fundi anaitwa, skrubu zinakazwa na kulegezwa, na tatizo linabaki palepale kwa sababu halikuwa kwenye mashine.

Watu wengi wanaoanza kushona nyumbani hutumia akiba yote kwenye cherehani, kisha uzi, sindano na mkasi vikanunuliwa kwa chenji. Mpango huo unafaa kugeuzwa. Cherehani ya mshono mmoja ulionyooka, hata ile nyeusi ya kukanyaga aliyoiacha bibi, hushona vizuri sana ikipewa uzi safi na sindano inayoendana na kitambaa. Mashine mpya ya umeme yenye mishono ya kila aina haina namna ya kuokoa uzi mbovu.

Uzi uliojaa madukani leo ni wa poliesta, nyuzinyuzi ambazo wanakemia wawili Waingereza, John Rex Whinfield na James Tennant Dickson, walizibuni mwaka 1941. Koni nyingi huandikwa 40/2. Namba ya kwanza inaeleza unene, na kadiri inavyopanda ndivyo uzi unavyokuwa mwembamba. Ya pili inasema kwamba nyuzi mbili zimesokotwa pamoja. Koni kubwa kwa kawaida hutajwa kuwa na yadi 5,000, sawa na mita 4,570 hivi. Poliesta huvutika kidogo kabla ya kukatika, haisinyai ikifuliwa na hustahimili jasho. Kwa sare za shule, nguo za watoto na mabaibui, hakuna sababu ya kutafuta kingine.

Uzi wa pamba una historia ndefu zaidi. Vita vya Napoleon vilipoadimisha hariri huko Ulaya, familia ya Clark ya mji wa Paisley, Scotland, ilianza kutengeneza uzi laini wa pamba, na kufikia mwaka 1812 ilikuwa ikiuza uzi wa kushonea. Pamba bado ina kazi yake. Inavumilia pasi ya moto mkali ambayo inaweza kulainisha poliesta, na kwenye kitambaa cha pamba tupu mshono wake hulala vizuri. Ila haivutiki. Ukishonea fulana kwa uzi wa pamba, shingo itafumuka siku ya kwanza mtoto anapoingiza kichwa kwa nguvu.

Kuna kanuni moja ambayo wanaonunua uzi mnene wakidhani wanapata uimara huisahau: uzi usizidi nguvu ya kitambaa. Nguo ikivutwa kupita kiasi, ni heri mshono uachie, maana mshono hurudiwa kwa dakika chache. Kitambaa kikichanika pembeni ya mshono, nguo imekwisha.

Ubora wa uzi hupimwa hapohapo dukani. Fungua kiasi cha mkono mmoja, uinue kwenye mwanga. Uzi mzuri una unene uleule kutoka mwanzo hadi mwisho. Uzi dhaifu huonyesha vinundu, sehemu nyembamba na manyoya. Manyoya hayo ndiyo yanayojaa chini ya bamba la sindano na kuziba njia ya uzi. Kisha uvute taratibu hadi ukatike. Ukikatika bila kukupa upinzani wowote, rudisha koni mahali pake, hata kama bei inavutia.

Kanga ni mtihani mzuri wa kuanzia. Huuzwa doti moja, vipande viwili vikiwa bado vimeungana, na mnunuzi hukata katikati na kupinda ncha. Mpindo huo unapita juu ya pindo la kanga, kwa hiyo rangi ya uzi ifuate pindo na si mji wa katikati. Kama kanga inakusudiwa kuwa gauni, ilowekwe na kukaushwa kwanza ili wanga utoke na kitambaa kisinyae kabla ya kukatwa.

Sindano ndiyo inayodharauliwa kuliko vyote. Namba mbili kwenye pakiti, kwa mfano 90/14, ni kipimo kimoja kilichoandikwa kwa mifumo miwili: 90 ina maana ya unene wa milimita 0.9, na 14 ni namba ya mfumo wa zamani wa Singer. Shifoni na hariri zinataka 65/9 au 70/10. Kanga inatosheka na 80/12, kitenge kizito kinakwenda na 90/14, jinzi inahitaji 100/16. Fulana na vitambaa vyote vinavyovutika vinataka sindano yenye ncha ya mviringo, ambayo husogeza nyuzi za kitambaa badala ya kuzitoboa. Mshono unaoruka hatua kwenye fulana mara nyingi hutibiwa kwa kubadilisha sindano tu.

Muuzaji aelezwe pia aina ya cherehani. Sindano za cherehani nyingi za nyumbani zina upande mmoja bapa kwenye shina; zile za mashine za kiwandani zina shina la mviringo, na hazibadilishani. Na sindano huchoka. Watengenezaji wengi hushauri ibadilishwe baada ya saa 8 hivi za kushona, lakini majumbani wapo wanaoitumia hadi ivunjike.

Bobini nazo zina mtego wake. Ile ya cherehani nyingi za nyumbani na ile ya mashine za kiwandani zina upana unaokaribiana sana, milimita 20 na ushee, ila ya nyumbani ina kimo cha milimita 11.7 na nyingine 8.9 tu. Ukiziona mezani ni kama mapacha. Ukiweka isiyo yake, uzi wa chini hujikusanya na kuwa fundo.

Mkasi wa kitambaa ukate kitambaa peke yake. Karatasi huua makali haraka, kwa hiyo mkasi wa watoto wa shule ukae chumba kingine. Mkasi wa inchi 8 wenye mpini uliopinda ni bora, kwa sababu ubapa wake wa chini hutambaa juu ya meza bila kuinua kitambaa.

Vingine ni vidogo na havihitaji maneno mengi. Futi kamba ya plastiki hurefuka kwa miaka, ilinganishwe na rula ya chuma mara kwa mara. Kipande cha sabuni iliyokaribia kuisha huchora vizuri kama chaki na hutoka kwa maji. Wembe hufumua haraka, lakini umeharibu nguo nyingi. Kifumulio chenye ncha mbili ni salama zaidi. Pasi iwe karibu na cherehani, maana mshono usiopigwa pasi kabla ya kuvukwa na mwingine hauwezi kunyooka.

Kwa wanaoishi pwani, unyevu ni adui wa kila siku. Sindano na pini zihifadhiwe kwenye kopo lenye kifuniko, pamoja na kitambaa kilichopakwa mafuta ya cherehani kidogo. Uzi usikae dirishani, jua huudhoofisha. Mafuta ya kupikia yasiingie kamwe kwenye mashine: yakikaa hugeuka gundi, na kuyasafisha ni kazi ya siku nzima.

Siku ya kwenda dukani, beba bobini yako ya zamani, sindano moja iliyotumika na kipande cha kila kitambaa unachotaka kushona. Nunua uzi mweusi, mweupe na wa kijivu kwa koni kubwa, rangi nyingine uzichukue kidogokidogo kadiri kazi inavyokuja. Usione haya kuvuta uzi mbele ya muuzaji. Fedha ni yako.