Televisheni Inapomtazama Mwenye Nyumba

Desturi ya visiwa vyetu ni kwamba mtu haingii nyumba ya mwenzake bila ya kupiga hodi. Akipiga hodi mara tatu asiitikiwe hurudi alikotoka, wala hana ruhusa ya kuchungulia dirishani. Adabu hiyo tulifundishwa chuoni tungali watoto, kabla wengine wetu hatujajua kuandika majina yetu, na sheria za nchi zimekuja kuitilia nguvu: Ibara ya 16 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977 inampa kila mtu hifadhi ya nafsi yake, familia yake, maskani yake na mawasiliano yake ya faragha. Leo safu hii inapenda kumzungumzia mgeni ambaye amekwisha kuingia katika majumba mengi ya Unguja na Pemba bila ya hodi, tena tumemnunua kwa fedha zetu wenyewe na kumtundika ukutani mahali pa heshima. Mgeni huyo ni televisheni ya kisasa iungwayo na intaneti, ile ambayo vijana wa dukani huiita "smati".

Watu wa visiwa hivi si wageni wa televisheni. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati ndugu zetu wa Bara walingoja hadi miaka ya 1990 kupata kituo chao cha kwanza. Lakini chombo kile cha wazee wetu kilikuwa cha kupokea tu. Mawimbi yalitoka kituoni, yakaingia katika antena, na safari yao ikaishia hapo. Huko kituoni hakuna aliyejua kama bibi wa Makunduchi amekesha akisikiliza taarabu au amesinzia mbele ya taarifa ya habari. Televisheni ya leo hupokea na pia hupeleka, na anayepelekewa hatumjui.

Yafaa tueleze jinsi kazi hiyo inavyofanyika, maana wengi hudhani kuwa ni uvumi. Ndani ya televisheni nyingi za aina hii mna programu ya kutambua kinachoonyeshwa. Kila baada ya muda mfupi programu hiyo huchukua vipande vya picha au vya sauti iliyopo kwenye kioo, ikavigeuza kuwa alama, mfano wa alama ya kidole, kisha ikazipeleka kwa intaneti kwenye kompyuta za kampuni. Huko zinalinganishwa na ghala kubwa la alama za filamu, vipindi na matangazo ya biashara. Zikilingana, kampuni inajua kuwa nyumba fulani, saa fulani, ilikuwa ikitazama kitu fulani, na iliacha kukitazama dakika fulani. Taarifa hizo huuzwa au hutumiwa kuchagua matangazo ambayo nyumba hiyo itaonyeshwa, si katika televisheni pekee, bali hata katika simu za mkononi zinazotumia intaneti ya nyumba hiyo hiyo.

Kesi iliyofungua macho ya watu wengi ni ile ya kampuni ya Vizio ya Marekani. Mwezi wa Februari 2017 Tume ya Biashara ya Serikali Kuu ya nchi hiyo, pamoja na Mwanasheria Mkuu wa jimbo la New Jersey, waliishitaki kampuni hiyo kwa kukusanya habari za utazamaji, sekunde kwa sekunde, kutoka televisheni milioni 11 tangu mwaka 2014 bila ya ridhaa ya wenyewe. Ilielezwa kwamba habari hizo ziliunganishwa na umri wa watu wa nyumba, jinsia, kipato, hali ya ndoa na elimu, kisha zikauzwa kwa wengine. Na kile kipengele kilichofanya kazi hiyo kilipewa katika mipangilio jina la kupendeza, ambalo halikumwambia mnunuzi lolote kuhusu kutazamwa. Vizio ilikubali kulipa dola milioni 2.2 na kufuta taarifa zote ilizozikusanya kabla ya tarehe 1 Machi 2016. Gawanya fedha hizo kwa idadi ya televisheni, utaona kuwa kila nyumba iliyochunguliwa imethaminiwa kwa senti 20 za Kimarekani.

Haikuwa kampuni moja tu. Mwaka 2013 mtu mmoja wa Uingereza aligundua kuwa televisheni yake ya LG ilikuwa ikipeleka nje majina ya stesheni alizotazama, hata baada ya yeye kuizuia katika mipangilio. Na ilipeleka pia majina ya mafaili yaliyokuwamo katika kidude cha USB alichokichomeka. Kampuni ilikiri na kuahidi marekebisho. Mwaka 2015 ilibainika kwamba maelezo ya faragha ya Samsung yenyewe yaliwatahadharisha wateja kuwa wakizungumza mambo yao ya siri mbele ya televisheni yenye kusikiliza amri za sauti, maneno hayo huenda yakapelekwa kwa kampuni nyingine. Na mwezi wa Desemba 2025 Mwanasheria Mkuu wa jimbo la Texas alizifungulia kesi kampuni tano kwa mpigo, Samsung, LG, Sony, Hisense na TCL, kwa madai ya kukusanya habari za watazamaji pasi na idhini yao. Madai si hukumu. Lakini majina hayo matano mnunuzi wa Darajani anayajua kama anavyojua majina ya jirani zake.

Mwaka 2024 wataalamu wa vyuo vikuu vya London, Davis huko California, na Carlos wa Tatu wa Madrid walizipima televisheni za Samsung na LG kwa kuchunguza kila kitu kinachotoka katika mashine hizo. Waliona LG ikipeleka mzigo wake kila sekunde 15 na Samsung kila dakika. Zaidi ya hapo, waliona kwamba upelelezi uliendelea hata pale televisheni ilipotumika kama kioo tu cha kompyuta iliyounganishwa kwa waya. Waliona vilevile mambo mawili ambayo maofisa wetu wangefaa kuyatafakari. Kwanza, mwenye nyumba alipoizima huduma hiyo katika mipangilio, mzigo ulikoma kweli. Pili, televisheni hizo hazikuwa na tabia moja kila mahali: katika stesheni za bure za intaneti zilipeleleza nyumba ya Marekani na kuiacha nyumba ya Uingereza. Sisi twaona hapo mkono wa sheria. Mashine inajua iko nchi gani, na inajua nchi hiyo inavumilia nini.

Mtu atauliza, faida ya yote haya ni nini? Jibu alilitoa mkuu wa ufundi wa Vizio mwenyewe mwaka 2019. Alieleza waziwazi kwamba faida ya kuuza televisheni ni ndogo, kiasi cha asilimia 6, na kwamba kampuni huuza kwa bei nafuu kwa kuwa itaendelea kuchuma baada ya mteja kuipeleka nyumbani. Katika hesabu zake za mwaka 2021 kampuni hiyo ilionyesha robo ya mwaka ambayo matangazo na taarifa ziliingiza faida zaidi ya mara mbili ya ile iliyotokana na mauzo ya televisheni zenyewe. Desemba 2024 Vizio ikanunuliwa na Walmart, mfanyabiashara mkubwa wa rejareja wa Marekani, kwa dola bilioni 2.3. Muuza sukari na sabuni hakununua kiwanda cha televisheni kwa mapenzi ya filamu. Kwa hivyo tunaposhangaa kuwa televisheni ya inchi 55 imeshuka bei kuliko kitanda cha msaji, tujue kuwa sehemu ya bei bado tunailipa kila jioni, tena bila ya risiti.

Kutazamwa ni nusu ya malalamiko. Nusu ya pili, ambayo kwa maoni yetu ni nzito zaidi, ni kwamba aliyenunua hamiliki. Mwezi wa Julai 2021, wakati wa ghasia za Afrika Kusini, ghala la Samsung lililoko Cato Ridge karibu na Durban liliporwa. Mwezi uliofuata kampuni ilitangaza kuwa televisheni zilizoibwa zitazimwa kutoka mbali pindi zitakapounganishwa na intaneti, na ikaongeza kuwa uwezo huo umo tayari katika televisheni zake zote. Hatuwaonei huruma wezi. Hata hivyo mtu mwenye busara hawezi kuisikia habari hiyo bila ya kujiuliza ufunguo wa sebule yake uko mfukoni mwa nani.

Ushahidi mwingine upo. Mwaka 2019 Netflix iliacha kufanya kazi katika baadhi ya televisheni za Samsung za mwaka 2010 na 2011, ambazo vioo vyake vilikuwa vizima kabisa. Machi 2024, huko Marekani, wenye vyombo vya Roku waliwasha televisheni zao wakakuta maandishi ya masharti mapya juu ya migogoro ya kisheria, na chombo hakikukubali kufanya lolote mpaka wabonyeze neno la kukubali. Aliyetaka kukataa alitakiwa kuandika barua na kuipeleka posta. Desemba 2025 wenye televisheni za LG wakaamka na kukuta msaidizi wa Microsoft amewekwa ndani ya mashine zao, na hakuna njia ya kumfuta. Kelele zilipozidi, kampuni ikasema itawaruhusu kumwondoa. Fikiri fundi seremala aliyekuuzia kabati, kisha akawa anaingia usiku kupachika rafu aitakayo yeye!

Wapo wanaosema, "Mimi sina cha kuficha, waache watazame." Maneno hayo twayasikia hata kwa watu wenye dhamana. Nyumba, kwanza, si ya mtu mmoja: anayesema hana cha kuficha amewasemea mkewe, watoto wake na wazee wake bila ya kuwauliza. Pili, televisheni siku hizi zimo katika kumbi za mikutano za maofisi, na huunganishwa na kompyuta ili waraka au hesabu zionekane na wote. Tuseme kweli, zile alama hazikuundwa kusoma nyaraka. Zinatafuta kufanana na vipindi vinavyojulikana. Lakini mashine iliyomo katika chumba cha mkutano wa umma ikawa inapeleka kitu nje ya nchi kila dakika, na hapana afisa aliyeiruhusu wala anayejua, hiyo ni dosari ya uongozi kabla ya kuwa dosari ya ufundi.

Kwa upande wa sheria hatuko mikono mitupu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake ilizinduliwa Aprili 2024. Tatizo ni kwamba kwa Zanzibar sheria hiyo inagusa mambo ya Muungano tu, na biashara ya dukani si mojawapo. Hapo ndipo wanapohusika Tume ya Ushindani Halali wa Biashara, yenye wajibu wa kumlinda mtumiaji, na Taasisi ya Viwango Zanzibar. Vyombo hivyo viwili hukagua bidhaa, na wananchi wanavishukuru. Televisheni hupimwa umeme wake na usalama wake. Hatuoni sababu ya kutopimwa mdomo wake.

Madai yetu si makubwa. Sanduku la televisheni inayoingia bandarini Malindi lichapwe kwa Kiswahili maneno yasemayo kama mashine hiyo hutambua kinachotazamwa, na kwamba itapata marekebisho ya usalama hadi mwaka gani. Hilo la pili Uingereza imelifanya kuwa lazima tangu tarehe 29 Aprili 2024, na watengenezaji hawakufunga maduka. Upelelezi uwe umezimwa tangu kiwandani, atakaye auwashe mwenyewe. Na zabuni za Serikali za kununua vioo vya ofisini zilitaje sharti hilo kwa maandishi, kwani Serikali ni mteja mkubwa na mteja mkubwa husikilizwa.

Tukisubiri hayo, mwananchi anaweza kuanza leo. Katika mipangilio ya LG huduma hiyo imo chini ya jina Live Plus, na katika Samsung Viewing Information Services, zizimwe. Tena tuangalie nani anayebonyeza. Mara nyingi ukurasa wa masharti hujitokeza wakati fundi yuko juu ya ngazi na rimoti mkononi, naye hukubali kila kitu ili apate kuwahi kazi nyingine, na ridhaa ya nyumba nzima imekwisha kutolewa na mtu ambaye hata hakai humo. Mwenye nyumba aishike rimoti yeye. Wanaonunua televisheni zilizotumika, kama zile zinazoletwa kutoka Dubai, waanze kwa kuirudisha mashine katika hali ya kiwandani, maana huenda ndani yake mna ridhaa ya mtu mwingine. Na asiye na haja ya intaneti katika televisheni asiipe neno la siri la waifai. Picha za king'amuzi zitaonekana vilevile.