Upepo Haukwenda Popote

Kila New England Patriots, timu ya futiboli ya Kimarekani, wanapotajwa, nakutana na swali lile lile: "Kama hawakutoa upepo kwenye mipira, upepo ulikwenda wapi?" Nimelijibu darasani, nimelijibu msibani, sasa nalijibu kwa maandishi. Upepo haukwenda popote.

Wanaouliza wanakumbuka Januari 18, 2015, pale Foxborough, Massachusetts, Patriots walipowachapa Indianapolis Colts 45–7 na kutinga Super Bowl, fainali ya ligi ya NFL. Wakati wa mapumziko mipira 11 ya Patriots ilipimwa, na yote ikakutwa chini ya psi (pauni kwa inchi ya mraba) 12.5, kiwango cha chini kabisa kwa kanuni za NFL. Kwa mashabiki wengi kesi iliishia hapo: presha imeshuka, basi kuna mkono wa mtu. Imani hiyo ni potofu, na inaniudhi kwa sababu sheria inayoivunja inafundishwa sekondari.

Hewa iliyofungiwa ikipoa, presha hushuka hata kama hakuna chembe iliyotoka. Chembe ni zile zile, ila zinakwenda polepole na kuzigonga kuta za mpira kwa nguvu ndogo zaidi. Dereva aliyejaza tairi likiwa la moto mchana, akalipima tena alfajiri ya baridi, ameliona jambo hili kwa macho yake. Mipira ya Patriots ilikaguliwa ndani, kwenye joto la nyuzi 21 hivi za selsiasi, kisha ikachezewa nje kwenye nyuzi 9 hivi.

Hapo ndipo mjuaji hutoa kikokotoo na kuniambia kwamba tofauti hiyo ingeshusha nusu psi tu. Amekosea, na kosa lake nimelisahihisha mara nyingi mno. Geji haisomi presha yote ya hewa iliyo ndani ya mpira. Inasoma ziada tu, juu ya presha ya angahewa, ambayo ni psi 14.7 kwenye usawa wa bahari. Kwa hiyo 12.5 ya geji ni 27.2 kamili. Joto nalo huhesabiwa kwa kelvini: 294 ndani, 282 nje. Zidisha 27.2 kwa 282, gawanya kwa 294, utapata 26.1. Ondoa 14.7, inabaki 11.4. Psi 1.1 imepotea bila mtu kuchomeka sindano. Hata Neil deGrasse Tyson, mwanafizikia wa anga mwenye jina kubwa, aliteleza hapo hapo, kisha akajisahihisha hadharani. Kauli yake ya kwanza bado naletewa kama ushahidi.

Sasa linganisha na vipimo vya mapumziko, vilivyochukuliwa kwa geji mbili. Moja ilitoa wastani wa 11.49 kwa mipira ya Patriots, nyingine 11.11. Mipira ile ile, dakika zile zile! Mwamuzi mkuu alikumbuka kwamba kabla ya mechi alitumia ile inayosoma juu. Ukimwamini, wastani wa 11.49 unaangukia ndani ya 11.32 hadi 11.52, makadirio ya presha baada ya kupoa tu, yaliyotolewa na wataalamu walioajiriwa na uchunguzi wa NFL wenyewe. Ripoti ya Ted Wells, wakili aliyeongoza uchunguzi huo, ilikataa kumbukumbu yake hiyo. Namba za kabla ya mechi hazikuandikwa popote. Kwa upande wa Colts ilipimwa mipira minne tu, tena baadaye, ilipokwisha kupata joto la ndani, na bado geji moja iliikuta mitatu kati yake chini ya 12.5.

"Lakini hao wamezoea!" Ni kweli. Mwaka 2007 walinaswa wakirekodi ishara za makocha wa New York Jets, na kocha Bill Belichick akatozwa dola 500,000. Mwaka 2020 klabu ikatozwa dola milioni 1.1 kwa kurekodi benchi la Cincinnati Bengals. Makosa hayo nayakubali, ushahidi wa video upo. Ila kosa la 2007 halitupatii namba ambazo hazikuandikwa mwaka 2015.

Fizikia haimsafishi mtu pia. Kulikuwa na jumbe za simu za wafanyakazi wa klabu, na mmoja wao aliingia chooni na mifuko ya mipira. Hayo ni ya wapelelezi. Langu ni presha, na vipimo vile havitoshi kumtia mtu hatiani. Hata hivyo Tom Brady, mrushaji wa Patriots, alifungiwa mechi nne, klabu ikatozwa dola milioni moja na kupoteza nafasi mbili za kuchagua wachezaji chipukizi.

Mwenye ligi anayetaka haki afanye haya: aandike presha kabla ya mechi, atumie geji moja, apime joto, apime mipira ya timu zote mbili kwa wakati mmoja, na aangalie kama imelowa, maana mpira uliolowa hupoa zaidi. Nawe shabiki, kabla ya kutukana, uliza geji ipi, saa ngapi, na mipira ya wapinzani ilisomaje.

NFL ilipima mipira katika msimu uliofuata, na namba zake haikuzichapisha. Hizo ndizo za kudai.